Umeahidiwa hela ya kubeba mimba ya watu wa nje? Pitia hatua hizi kabla hujasema ndiyo

Maswali ni yale yale. "Dada, ni kweli wanalipa?" "Mtoto nitakayemzaa atakuwa wangu au wao?" "Nikikamatwa huko, serikali yetu itanitoa?" Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Masasi, na tangu simu janja zienee mpaka vijijini, matangazo ya kubebea mimba watu wa nje yanamfikia binti wa Newala au Nachingwea kama yanavyomfikia wa Dar. Nimeyaweka majibu pamoja ili ukifika ofisini tuanzie mbele.

Mwongozo ni wako wewe unayeombwa kubeba. Mke na mume wanaotafuta mtu wa kuwabebea wana sehemu yao fupi kule chini.

Niliseme langu mapema: sikushauri uende. Ila najua mwenye deni la ada na bati linalovuja hazuiwi kwa neno "usiende" peke yake, kwa hiyo kama utaenda, nenda ukiwa unajua.

Kwa ufupi, kazi yenyewe ni hii. Yai la mwanamke mmoja na mbegu ya mwanamume vinakutanishwa maabara, kiinitete kinapandikizwa kwenye kizazi chako, unabeba, unajifungua, unakabidhi. Kwa damu mtoto si wako. Malipo yanayozidi gharama zako ndiyo yanayoifanya biashara. Hakuna mkataba wa kimataifa unaosimamia jambo hili. Mkutano wa The Hague wa sheria binafsi za kimataifa umelijadili kwa miaka na mpaka sasa hakuna kilichosainiwa. Kila nchi ina lake, na dalali anaishi kwenye mapengo hayo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti iliyo mkononi mwako, na nakala zake kwa watu wawili unaowaamini.
- Kadi za kliniki za mimba zako zilizopita.
- Mkataba mzima, kurasa zote, kwa lugha unayoisoma bila kusaidiwa.
- Jina la nchi utakayopandikizwa, nchi utakayolelea mimba, na nchi utakayojifungulia.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua ukweli wote.
- Wakili wako mwenyewe.

Ukikosa vitatu vya mwisho, usiendelee. Hatua zinazofuata hazitakusaidia.

Hatua ya 1: Uliza nchi kabla ya kuuliza hela

Binti akija kwangu, kitu cha kwanza anachonitajia ni dola. Mimi nauliza nchi, kwa sababu nchi ndiyo itakayoamua kama wewe ni mfanyakazi, mama au mshtakiwa.

India ilikuwa soko kubwa. Mwaka 2015 iliwafungia wageni, na sheria yake ya 2021 ikapiga marufuku malipo hata kwa Wahindi wenyewe. Thailand nayo ilifunga mlango kwa wageni 2015, na Nepal mwaka huohuo. Biashara ikahamia Kambodia, ambayo ilipiga marufuku mwishoni mwa 2016. Ona sasa kilichofuata. Mwaka 2018 wanawake 32 wa Kambodia waliokuwa na mimba za wateja wa nje walikamatwa na kushtakiwa kwa usafirishaji haramu wa binadamu. Walioachiwa walipewa sharti la kuwalea wenyewe watoto wale. Yaani alienda kutafuta hela ya kulisha wanawe, akarudi na mtoto mwingine wa kulisha, na kesi juu. Desemba 2024, Wafilipino 13 walihukumiwa huko huko Kambodia miaka minne, miwili kati yake ikiahirishwa, kabla ya kusamehewa na mfalme na kurudishwa kwao. Wateja wao hawakuwa kizimbani.

Georgia inaruhusu tangu 1997, lakini 2023 serikali yake ilitangaza nia ya kuwazuia wageni. Mwanzoni mwa 2025 wanawake wa Thailand walioahidiwa kazi ya kubeba mimba huko walisimulia kwamba walifungiwa kwenye nyumba na kuchukuliwa mayai. Ugiriki ina sheria kamili inayoruhusu kwa kibali cha mahakama, na bado Agosti 2023 polisi walivamia kliniki moja kisiwani Krete kwa tuhuma za kuwatumikisha wanawake wa kigeni. Ukiambiwa Nairobi, Kenya haikuwa na sheria maalumu wakati muswada wa uzazi wa kusaidiwa ulipopelekwa bungeni 2022. Uliza umefikia wapi siku unayotaka kusafiri. Afrika Kusini hairuhusu malipo ya biashara, na Mahakama Kuu lazima ithibitishe makubaliano kabla mimba haijapandikizwa.

Onyo: ukisikia "utapandikizwa nchi hii, utakaa nchi ile, utazalia nchi nyingine", jua kuna sheria inayokimbiwa. Atakayeshikwa nayo ni mwenye tumbo.

Hatua ya 2: Jua Tanzania inakuonaje

Hatuna sheria inayozungumzia kubeba mimba kwa niaba ya mwingine. Watu husikia hivyo wakafikiri kwamba basi inaruhusiwa. Taratibu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 23, inabatilisha makubaliano ambayo lengo lake ni kinyume cha sheria, kinyume cha maadili au kinyume cha maslahi ya umma. Ukifungua madai Mtwara kwamba hukumaliziwa malipo, upande wa pili utaanzia hapo hapo.

Upande wa mtoto: hapa kwetu anayezaa ndiye anayeandikwa mama kwenye tangazo la kizazi linalokwenda RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Kumhamishia mtoto huyo kwa mtu mwingine njia yake ni kuasili, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa amri ya Mahakama Kuu, na mgeni anatakiwa awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Kwa hiyo dalali akikwambia "utarudi kuzalia Ligula", yaani hospitali ya mkoa pale Mtwara, "tutamalizana kimyakimya", anakuingiza kwenye karatasi za uongo, na wa kwanza kusaini karatasi hizo ni wewe.

Hatua ya 3: Mkague dalali

Ujumbe wenyewe huwa hivi. Binti mmoja wa Tandahimba aliniachia simu yake niusome: "Hi dear, kuna kazi nyepesi nje, miezi 9 tu, hotel na chakula bure, unatakiwa umri 20–30, uwe ushazaa, usiwe mnene. Tuma picha full na ya hospitali. Usimwambie mtu maana nafasi chache." Mwenye ujumbe hakutaja nchi, kampuni wala hospitali, ila kilo zako anazitaka.

Mtu anayepeleka Watanzania kufanya kazi nje anatakiwa awe wakala mwenye leseni, na mikataba ya kazi hizo hupitia ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Muulize namba ya leseni. Wengi watakujibu kwamba hii "si kazi, ni msaada wa kibinadamu". Kama ni msaada, mbona wewe hupewi hata jina la unayemsaidia?

Angalia dalili hizi: analipia pasipoti yako kisha anaishika, anakufundisha useme "naenda kutembea" uhamiaji, anakukopesha hela mapema ili usiweze kukataa baadaye. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inahusu hadaa na matumizi mabaya ya shida ya mtu, na kukubali kwako kwa kudanganywa hakumsafishi aliyekudanganya. Usifute ujumbe wake hata ukikasirika. Piga picha ya kioo cha simu, tuma kwa mtu mwingine.

Hatua ya 4: Soma mkataba kipengele kwa kipengele

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanasaini wakiwa wamesimama.

Watu wa kusini mnaijua kangomba. Mnunuzi anakuja kipindi cha njaa, korosho bado maua, anakupa hela kidogo leo, wakati wa mnada ukifika mzigo si wako tena. Mkataba wa kubeba mimba ukiletwa ukiwa na njaa unafanya vilevile. Bei inaonekana kubwa kwa sababu unaipima kwa shida ya leo.

Tafuta majibu ya maswali haya ndani ya karatasi, usiyatafute mdomoni kwa mtu:

*Unalipwa kwa nini, na lini?* Mikataba mibaya inaweka karibu malipo yote siku ya kukabidhi mtoto mzima. Mimba ikitoka mwezi wa tano, umefanya kazi miezi mitano bure. Na kuna hatari nyingine. Mwaka 2018 mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu uuzaji wa watoto alieleza kwamba biashara hii, kwa namna inavyofanyika sasa, kwa kawaida ni kuuza mtoto. Alisema ili isiwe hivyo, mbebaji alipwe kwa kubeba, amaliziwe kabla ya kumkabidhi mtoto, na asidaiwe kurudisha. Malipo ya mwezi kwa mwezi ni afadhali kwako na afadhali mbele ya sheria.

*Viinitete vingapi?* Kinachopandikizwa kiwe kimoja. Mapacha wanamfurahisha mteja, lakini kifafa cha mimba, upasuaji na kuzaa kabla ya wakati vinakuwa juu yako.

*Nani anaamua mimba itolewe, ipunguzwe au iendelee?* Kuna mikataba inayompa mteja kauli hiyo. Mwili ulioko wodini ni wako, kauli iko kwa mtu asiyekujua. Kipengele hicho kikiwemo, usisaini.

*Wateja wakiachana, wakifa au wakimkataa mtoto?* Haya yameshatokea. India mwaka 2008, mume na mke wa Kijapani walitalikiana kabla mtoto Manji hajazaliwa. Mtoto akakwama miezi kadhaa, India na Japani zote zikisita kumpa karatasi, bibi yake upande wa baba akimlea. Thailand, 2014, dunia ilisikia habari ya Gammy, mtoto mwenye hali ya Down aliyebaki na mama aliyembeba, huku pacha wake wa kike akiwa ameshakwenda Australia na wateja. Mkataba useme nani analea, nani anagharamia, na hela hiyo imewekwa wapi tangu mwanzo.

*Unaishi wapi na unatokaje?* "Nyumba ya pamoja ya uangalizi" maana yake huenda ni geti lenye mlinzi. Iandikwe kwamba unatoka, unapokea wageni, simu ni yako.

*Matibabu baada ya kujifungua ni muda gani?* Wiki sita ni kidogo. Uliza pia bima ya kifo na ulemavu, na jina la atakayelipwa, liwe la mama yako au wanao.

*Mgogoro utaamuliwa mahakama ya nchi gani?* Kama ni nchi ambayo huwezi kupata viza peke yako, huna mahakama.

Hatua ya 5: Wakili awe wako

"Kampuni imeshatoa wakili" ndiyo sentensi inayonitia hofu kuliko zote. Wakili huyo ni wao. California, ambako mikataba hii inatambuliwa kisheria, sheria yenyewe inataka mbebaji na wateja wawe na mawakili tofauti. Kama Marekani wanadai hivyo kwa mwanamke anayezaa nyumbani kwake, wewe unayevuka bahari una sababu zaidi.

Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inakuhusu. Anza kwa msaidizi wa kisheria wa kata au wilaya yako, au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Msaidizi wa kisheria hatakuwakilisha mahakamani, ila atakusomea na kukuelekeza. Njoo na karatasi zote. Usije na ukurasa wa malipo tu, kama wengi wanavyofanya.

Hatua ya 6: Mwili wako ukaguliwe na daktari asiyelipwa na wao

Nenda Ligula, Sokoine pale Lindi, Ndanda au Nyangao, na kadi zako za zamani. Mwambie daktari ukweli. Usiseme "nataka tu kucheki". Kama hujawahi kuzaa, kama ulipata kifafa cha mimba, ulivuja damu nyingi, au umeshafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, jibu la kitaalamu ni kaa nyumbani.

Utafiti wa Ontario, Canada, uliochapishwa 2024 ulilinganisha wanawake waliobebea wengine na wale waliopata mimba kawaida. Matatizo makubwa ya kiafya yaliwapata asilimia 7.8 ya wabebaji, dhidi ya asilimia 2.3 ya waliopata mimba kawaida. Hiyo ni Canada, yenye damu benki na gari la wagonjwa. Usidanganywe kwamba ni mimba kama ulizozoea: kuna wiki za sindano na vidonge vya homoni kabla na baada ya kupandikizwa.

Ukiombwa "kwanza utoe mayai kidogo", hiyo ni kazi nyingine kabisa, yenye hatari zake za ovari kuvimba na maji kujaa tumboni. Irudishe Hatua ya 1 uianze upya.

Hatua ya 7: Nyumbani

Wengi wanataka kuiruka hii. Kama umeolewa, mume lazima ajue, tena kwa maandishi: Uingereza, kwa mfano, anayezaa ndiye mama kisheria na mumewe anaweza kuhesabiwa baba mpaka mahakama itoe amri nyingine. Kwa sisi tuliokulia kwenye ukoo wa mama, Wamakonde, Wayao, Wamwera, mtoto akitoka tumboni mwako mjomba anahesabu ni wa kwao, na maelezo ya maabara hayatamtosha. Bora umsikie kabla kuliko akuulize "yuko wapi?" ukiwa umerudi tumbo tupu.

Upande wa dini sitoi fatwa, ila ujue waliyosema wenye mamlaka. Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 lilikataa kumwingiza mtu wa tatu kwenye uzazi wa mume na mke. Kanisa Katoliki lilikataa 1987, na Januari 2024 Papa Fransisko aliomba biashara hii ipigwe marufuku dunia nzima. Wapo pia wanaosema mwili ni wa mwanamke na kumkataza ni kumdharau. Hoja hiyo ina uzito kwangu, ila naona inasemwa zaidi na watu ambao hawatabeba.

Hatua ya 8: Kama bado unaenda

Pasipoti usimkabidhi mtu, hata kwa "usajili". Tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Pangeni na mtu wako wa nyumbani siku ya kupigiana na neno ambalo ukilitamka anajua uko matatani. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu, namba ya ubalozi wetu. Tena uliza kwanza kama upo: Georgia na Kambodia hatuna ubalozi, unahudumiwa kutoka nchi nyingine.

Kwa mke na mume mnaotafuta mtu wa kuwabebea

Swali lenu la kwanza liwe: mtoto ataingiaje Tanzania na karatasi gani? Kuna nchi itaandika majina yenu, nyingine itaandika la aliyezaa, na hapa nyumbani hakuna sheria ya kuwasaidia kupatanisha hizo mbili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ilisikiliza kesi ya mapacha waliozaliwa kwa njia hii, ambao maofisa waliwachukua wakawapeleka makao ya watoto kwa sababu hospitali haikujua imwandike nani mama. Mei 2020, kwa ajili ya korona, makumi ya vichanga waliozaliwa kwa njia hii walilala hotelini Kyiv, Ukraine, wazazi hawawezi kuingia nchini humo. Italia tangu 2024 inamshtaki raia wake hata akifanya nje ya nchi. Msilipe hata senti kabla wakili wa hapa na wa kule hawajaongea wao kwa wao, na mlipe kupitia akaunti ya dhamana, yaani hela inashikwa na mtu wa tatu mpaka masharti yatimie, kamwe si mkononi mwa dalali.

Mambo yakiharibika

*Wameshika pasipoti.* Omba kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, ili kuwe na ushahidi kwamba ulidai. Kisha wasiliana na ubalozi. Hati ya dharura ya kusafiria inawezekana bila wao. Nyumbani, ndugu aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na nakala uliyoiacha.

*Polisi wamevamia nyumba.* Usikimbie, usisaini karatasi usiyoielewa, sema unataka mkalimani na ubalozi. Eleza jinsi ulivyopatikana na nani alikulipia safari. Maelezo hayo ndiyo yanayoweza kukufanya uonekane mhanga badala ya mshtakiwa.

*Umebadili mawazo, unamtaka mtoto.* Jibu linategemea nchi uliyomo. Uingereza ridhaa yako ya kumtoa haihesabiki mpaka wiki sita zipite tangu kujifungua. Georgia hutambuliwi kuwa mama tangu mwanzo. Usiondoke hospitali na mtoto kwa siri, itahesabiwa wizi. Wakili kwanza.

*Wateja hawatokei.* Ripoti kwa ustawi wa jamii wa nchi hiyo na ubalozi wa nchi ya wateja, siku hiyohiyo. Usikubali mtoto apelekwe kwa "familia nyingine" na dalali.

*Umerudi, hujamaliziwa hela, na unaumwa.* Anza na kuumwa. Nenda hospitali leo, mweleze daktari kila kitu, hatakushtaki. Kabla hujatoka kule ulitakiwa kuomba muhtasari wa matibabu unaoonyesha dawa ulizopewa, damu uliyoongezwa, na kama ulipasuliwa, kovu la ndani limekatwa upande gani, kwa sababu mimba yako ijayo itategemea hilo. Kama huna, iandikie hospitali iliyokuzalisha barua pepe ukitaja jina lako, tarehe ya kuzaliwa na tarehe uliyolazwa. Jibu likija litumike mara mbili: moja kliniki, nakala nyingine kwenye faili la madai yako.